Siku Niliyowazimia Umeme Watu wa Bima

Fundi,

Kisiwa hiki chote, kuanzia mnara wa taa wa Ras Mkumbi mpaka kule wazungu wanakozamia Ghuba ya Chole, hakijawahi kuzaa mwanamume kama mimi. Nimewazima wakubwa wa mkoa mzima kwa kidole kimoja. Tena kidole kidogo, hiki cha mwisho, na mkono wa pili nimeshika soda ya baridi waliyonipa wao wenyewe kwa kunishukuru. Hata wewe hukufika huko. Wewe ulizima mtaa mmoja tu, na ilikuwa kwa bahati mbaya, siku ile uliyoshika waya huku unamtukana mbuzi.

Shikamoo, lakini. Nimetanguliza majivuno nikasahau salamu, na ungekuwepo ungeniambia, "Cheche, hodi kwanza, dari baadaye." Basi shikamoo, Fundi wangu Mikidadi. Marahaba nimejiitikia mwenyewe. Mungu akupanulie kaburi, akutilie nuru humo, na akupe kiti chenye mgongo, maana hapa duniani ulikaa miaka yako yote juu ya debe.

Mwandiko ukiuona umepinda usinicheke. Mimi ni mtu wa kidato cha pili, na hicho kidato nilikitoka mbio kabla ya mitihani. Wewe ndiye uliyenipokea na kiroba changu cha nguo, ukanipa chumba cha uani na bisibisi, ukasema, "Shule imekushinda, tuone kama na shoti itakushinda." Haijanishinda. Imenitikisa mara nyingi, lakini haijanishinda.

Habari za nyumbani. Mama, mkeo, ametoka eda. Amerudi kwenye mwani wake, anatoka maji yakipwa na wenzake wa Miburani, na mchana ukimpita utamsikia anawachambua watu kama zamani. Ila jioni akiandaa chakula bado anaweka sahani yako, halafu anaiona, anaiondoa, anaifuta na kanga kana kwamba ilikuwa na vumbi. Mimi najifanya natazama simu. Idrisa alikuja kukuzika, akakaa mpaka arobaini, amerudi chuoni bara. Mwanao huyo amekonda. Mkoba wako wa kazi Mama alinikabidhi mimi mbele ya wazee. Nikalia. Nikasingizia pilipili, na siku hiyo palikuwa na ubwabwa mtupu.

Watu wananiita Fundi Cheche siku hizi. Wengine wananiita Fundi tu. Hao ndio wanaoniponza, kwa sababu nageuka nyuma nikidhani umefika.

Haya, sasa tuingie vitani. Nakukumbusha yote kuanzia mwanzo ingawa unayajua, kwa sababu nasikia mtu akishafika huko roho yake inalainika na anasamehe. Mimi sitaki usamehe. Walikuacha ufe na kadi yao mfukoni. Siku tunakufukia nilishika udongo wa kaburi lako nikaapa kimoyomoyo kwamba watu wa bima watanijua, na nikaurusha ule udongo kwa nguvu hadi Imamu akanitazama.

Kinachonichoma ni kwamba hao watu uliwazaa wewe. Uliniambia mwenyewe, tuko darini, mimi nimeshika tochi na wewe umelala kifudifudi juu ya mbao, jasho linakudondoka puani. Ulisema zamani umeme wa Kilindoni ulikuwa jenereta moja, ya mfanyabiashara mwenye kinu cha kukamua mafuta ya nazi. Kinu kikilala magharibi, jenereta haikulala. Bwana yule akawauzia majirani taa. Hakuuza umeme, aliuza taa: nyumba hii moja, nyumba ile mbili. Na wewe, kijana wa umri wangu (ila sura mbaya kidogo, picha nimeziona), ndiye uliyekuwa unapanda minazi kufunga waya, kutoka mnazi mpaka mnazi.

Ukipita kukusanya pesa ya taa, wanawake wanakulilia mlangoni. Huyu mtoto ana homa, yule baba kachomwa na samaki taa baharini, mwiba umebaki ndani. Ndipo bibi mmoja wa Miburani aliposema, si kila nyumba iongeze kidogo juu ya ile ya taa, kiwekwe kwenye kopo la maziwa ya unga, na anayeumwa atolewe humo? Ukawa unapita na kopo lako, unaita kama muuza samaki: "Taa na dawa! Taa na dawa!" Hapakuwa na fomu, hapakuwa na picha. Sheria ilikuwa moja. Yeyote anayelala chini ya taa iliyolipiwa, kopo ni lake. Mgeni, mjukuu, mpwa aliyekuja kuangua nazi, hata mke mdogo ambaye mkubwa hajaambiwa.

Kopo likawa sanduku. Sanduku likapata chumba nyuma ya duka. Mwenye kinu akafa, wanawe wakaiita kampuni, wakaweka bango. Kampuni ikapata nguzo badala ya minazi, ikafika vijijini, ikaungana na nyingine ya ng'ambo, halafu ikaja siku wakubwa wakakaa wakagawana: umeme ukaenda kwa mabwana hawa, wagonjwa wakaenda kwa mabwana wale. Taa ikapata mita, dawa ikapata kadi. Makao makuu yakahamia bara, mkoani, na Kilindoni tukaachiwa tawi. Kila walipohama wewe uliwafungia nyaya. Chumba kimoja, kisha viwili, kisha lile jengo la vioo visivyofunguka. Wao wakipanda cheo, wewe unapanda dari. Na hukuona ubaya! Ulinionyesha lile jengo kama mtu anayeonyesha mtoto wake aliyefaulu. "Hili, Cheche, lilikuwa kopo."

Mimi sikuona kopo. Niliona watu wanaosema mfumo, mfumo, mfumo.

Basi Ijumaa ile. Uko juu ya ngazi pale duka la vyuma, asubuhi, unanitukana vizuri tu kwa sababu nimeleta waya mwembamba, mara ukanyamaza katikati ya tusi. Hapo nilijua. Hujawahi kuacha tusi njiani. Ile ngiri yako uliyoifunga kitambaa miaka yote na kuiita mpangaji ilikuwa imebana. Tukakukimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari alikubonyeza mara moja tu akasema apelekwe bara akapasuliwe, boti ya kesho asubuhi isimwache, leteni kibali cha mfuko wa bima. Mama akatoa kadi kwenye pindo la kanga. Dirishani wakaiingiza kwenye mashine yao. Yule dada akaitazama, akaipangusa, akaiingiza tena. "Imezuiwa. Kaya nzima. Nendeni ofisini kwao."

Nikaenda. Sikuenda, niliruka. Nikamkuta Bwana Tai. Ndivyo ninavyomwita meneja wao, kwa sababu ndiye mtu pekee Kilindoni anayevaa tai kwenye joto hili, na akitoka nje inamshikilia shingoni kama mtu anayemdai. Nikamweleza. Akasema, "Mfumo umezuia, kijana, sikuzuia mimi." Akabonyeza bonyeza, akaniuliza maswali yake. Mwisho akasema Jumatatu aje mhusika mwenyewe na barua ya mtendaji. Nikamwambia mhusika hawezi hata kukaa. Akasema, basi mwakilishi. Nikamwambia, mzee, ubao wa swichi uliouegemea ameufunga yeye kwa mikono yake. Akasema, "Tunathamini mchango wa wadau wote." Akafunga kompyuta, akaiweka kwenye begi, akaenda zake kula wali.

Jumamosi boti ikaondoka. Wamiburani wakaja uani na walichonacho, wengine wameshika kuku, na wewe, mbishi mkubwa, ukainua mkono pale kitandani. "Rudisheni. Mimi siombi, mimi ni mwanachama. Jumatatu watafungua." Ulisema hivyo na midomo imekauka kama chaki. Mama akakubembeleza, ukamwambia, "Hawa nimewabeba tangu kopo, wataninyima mimi?" Jumapili hatukukuuliza tena. Wanawake wa mwani walichanga kimya kimya, boti ya kukodi ikapatikana, ikawa iondoke alasiri. Adhana ikaadhiniwa. Hukungoja imalizike.

Hiyo ndiyo kesi yao, Fundi. Sasa sikiliza hukumu.

Mwezi uliopita walimaliza ukumbi mpya upande wa nyuma, wakataka kuuzindua, wageni kutoka mkoani, keki na kila kitu. Wakaleta fundi wa bara kuunganisha spika, taa na viyoyozi. Kijana ana mkanda wa vifaa kiunoni kama askari. Akapanda darini. Akakaa huko dakika kumi. Akashuka na utando wa buibui kichwani, akauliza, "Hapa nani alisuka mkeka?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mafundo yako! Wewe na ule ukaidi wako wa kutochora ramani hata siku moja. Fundo moja taa, mawili soketi, matatu kiyoyozi, na waya wenye fundo lililogeuzwa, ulikuwa unasema, usiuguse mpaka umeniuliza. Nani mwingine duniani anayasoma? Bwana Tai akanifuata mwenyewe mpaka barazani kwa Mama, na viatu vyake vya kung'aa, akasema, "Kijana wa Fundi, wewe ndiye unayeijua dari yetu." Mama alimtazama, akainuka, akaingia ndani. Hakumkaribisha hata maji. Mimi nikamwambia, "Bila shaka, mzee. Marehemu aliwapenda sana."

Nikapanda. Siku mbili nilikuwa darini kwako. Nimekaa pale ulipokuwa unalala, na alama ya kiwiko chako bado ipo kwenye vumbi, au nilijidanganya. Nikavuta kila kitu, ukumbi na ofisi, taa, spika, viyoyozi, mashine zao zote, nikapitisha kwenye swichi moja ndogo ndani ya stoo ya mifagio. Waya wake nikaufunga mafundo manne. La nne hilo sikufundishwa na wewe. Nililibuni mimi, na maana yake unaijua.

Siku yenyewe watu walijaa. Wakubwa mbele kwenye viti vya vitambaa, wanachama nyuma kwenye mabenchi, na wanawake wa mwani wamevaa sare, Mama kati yao. Sikujua kama angekuja. Alikuja kuwaangalia usoni. Upande wa ofisi waliacha madawati wazi siku hiyo, wahudumu wanawafungulia watu kadi, ili wageni waone kazi inavyokwenda. Mimi nimesimama mlangoni mwa stoo na soda yangu, nimechomekea shati.

Bwana Tai akashika kipaza sauti. Akaanza na historia. Fundi, akasimulia kopo! Kopo la maziwa ya unga, mlango kwa mlango, "kutoka kopo hadi mfumo wa kisasa", na jenereta ya kinu, na waya wa minazini, yote, mpaka "Taa na dawa" akaiita kwa sauti, watu wakapiga makofi. Nikasema moyoni, akimtaja tu nitaiacha swichi. Wallahi nilisema hivyo. Nilimpa nafasi. Akasema, "Waasisi wetu, ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki..." akafungua ukurasa wa pili.

Kidole kidogo. Tap.

Laiti ungeona. Kwanza sauti yake ikafa, mdomo ukabaki unatembea peke yake. Halafu viyoyozi vikatoa ile pumzi yao ya mwisho, vikanyamaza. Halafu joto, Fundi. Vioo havifunguki! Waliviweka wenyewe! Baada ya muda mfupi mgeni mmoja wa mkoani anajipepea na ratiba, mwingine anajipepea na kofia, keki inainama kama mlevi. Bwana Tai akaanza kupiga kelele asikike, na kule nyuma bibi mmoja wa mwani akapaza sauti, "Taa na dawa! Leo hata taa hamna?" Ukumbi ukavunjika. Mwingine akadakia, "Mtafuteni Mikidadi awawashie!" Jina lako likakaa pale katikati ya joto, na hakuna aliyethubutu kuliondoa. Nikamwona Mama amekaa wima kama bi harusi.

Nilikuwa mfalme, nakuambia kweli. Nilikuwa na kiu ya ile dakika tangu udongo.

Bwana Tai akaja stooni mbio, tai iko begani. "Kijana, kuna nini?" Nikanywa funda moja la soda kwanza. Nikamwambia, "Mfumo umezuia, mzee. Sikuzuia mimi. Labda Jumatatu."

Akanitazama. Akaitazama mifagio. Ukuta una swichi mpya inang'aa nyuma ya bega langu, na yeye si kipofu. Akasema polepole, "Wewe ni yule wa Ijumaa." Nikasema ndiye mimi. Nilitaka anipige. Niliomba anipige, ngumi nilishazikunja. Hakunipiga. Aligeuka akarudi kwa wageni wake na jasho lake, na mimi nikabaki na ngumi zangu zisizo na kazi.

Na ningewaacha hivyo mpaka usiku. Nilishapanga. Nilikuwa nimeshikilia mlango wa stoo, nimejipa mpaka adhana ya alasiri, ile saa yako. Ila dirisha la stoo linatazama ofisini, na pale dawatini palikuwa na mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea upande. Sikuwa nimemwona. Mhudumu alikuwa katikati ya kumfungulia kadi, mtoto anatakiwa hospitali. Nikamsikia mhudumu, na wala hakuwa na ubaya, dada wa watu anafuta jasho tu: "Pole mama. Umeme umekatika, mfumo haupo. Subiri, au uje Jumatatu."

Yule mama hakufyonza. Hakugomba. Alisema, "Haya, dada," akakaa sakafuni, akamshusha mtoto, akaanza kumpepea na ncha ya kanga. Kama mtu aliyezoea. Kama Mama alivyokaa kwenye ile korido Ijumaa ile, amekunja kadi kwenye pindo.

Nilibonyeza ile swichi kwa kiganja kizima. Taa zikarudi, spika ikalia, ukumbini watu wakashangilia wakidhani ni kazi ya meneja. Kisasi changu chote, miezi nimekilea, hakikudumu hata muda wa uji kupoa. Mtoto alifunguliwa kadi, nikawabeba mimi mwenyewe kwa bodaboda ya kuazima mpaka hospitali. Ilikuwa malaria. Amepona, anakimbiza kuku.

Usidhani nimewasamehe. Sijawasamehe. Bwana Tai angeweza kupiga simu ile Ijumaa, simu ilikuwa mezani kwake, na mkoani kuna watu wanalipwa kuipokea. Alichagua wali. Na tawi lao halina hata kibao chenye jina lako, na nimemwambia hivyo mbele ya wageni wake wakati wanapanda magari, kwa sauti, na Mama amesikia. Kibao watakiweka au nitakifunga mimi, misumari ninayo, mkoba wako umejaa.

Lakini jioni wakati nakusanya ngazi, Bwana Tai alikuja tena. Amevua tai. Shingo yake ni nyembamba, hungemtambua. Nikajua ananifukuza, au anaita polisi. Akasema, "Ulinifunza adabu, sawa, na sehemu yangu naijua. Lakini mimi siku ile nilikuuliza swali moja, kijana, na jibu lako nalikumbuka." Akaenda.

Tangu siku hiyo silali vizuri, ndiyo maana unaona naandika. Nimekuandikia mengi hapo juu, na nimeandika kwamba aliniuliza "maswali yake" nikapita haraka. Lilikuwa swali moja.

Unakumbuka nilipokuja na mkono umechanika, nikakwambia bati la paa la kule shuleni limenikata? Ukajilaumu wewe. Ukasema ni kosa lako kunituma peke yangu, ukanipumzisha siku tatu, Mama akanichinjia jogoo. Halikuwa bati. Nilikuwa naendesha bodaboda bila kushika usukani, naonyesha watu Miburani, kuna binti alikuwa ananiangalia. Damu ilikuwa nyingi na mfukoni sina kitu. Nikapita nyumbani, hamkuwepo, nikachukua kadi ya Idrisa kwenye droo. Nilijiambia nalala chini ya taa yako, kopo ni langu. Dirishani wakaniuliza baba yako nani. Nikasema, "Mikidadi, fundi umeme." Nilisema bila kumeza mate, Fundi, nilisema kwa raha, na wakanishona bure, na kadi nikairudisha mahali pake kabla hamjafika.

Siku ile ile Idrisa alikuwa anatibiwa malaria bara kwa namba yake.

Ijumaa ile Bwana Tai aligeuza kompyuta akanionyesha. Akasema, mtu mmoja hawezi kuwa pande mbili za bahari kwa siku moja, ndiyo maana kaya imefungwa. Akasema, "Unamjua huyu aliyeshonwa hapa Kilindoni? Nikimjua namwondoa sasa hivi, nafungua wengine wote, ni dakika tano tu. Mzee atapata kibali leo." Mimi nilikuwa na shati la mikono mirefu. Nikaivuta mikono mpaka vidoleni. Nikawaza utajua kwamba nilikudanganya, nikawaza utanirudishia kiroba changu cha nguo, na nikawaza Jumatatu si mbali.

Ijumaa hii baada ya swala nitakwenda kwa Mama, nimkalishe, nimweleze kama nilivyokueleza wewe, na Idrisa nitampigia mbele yake. Mkoba nitauweka mlangoni kabla sijaanza kusema, wakitaka wauchukue. Nimekuahidi. Kwaheri, Fundi wangu. Boti ya Jumamosi ilikuwa na nafasi. Aliniuliza kama namjua, nikasema simjui.

Wako,
Cheche